Kirusi cha Herufi Elfu Mbili: Ugonjwa wa Mdomo na Manyoya wa Kasuku

Miongoni mwa magonjwa ya ndege yaliyochunguzwa sana katika nusu karne iliyopita, upo mmoja ambao hata mtu asiye mtaalamu aweza kuutambua kwa macho. Kasuku aliyepatwa nao anapobadili manyoya, yale mapya huchipua yakiwa mafupi na yaliyopindika, mengine yamebanwa katikati kana kwamba yamefungwa uzi, na mara nyingi ndani ya shina lake huonekana damu iliyoganda. Manyoya hayo hayadumu. Huanguka, na yanayofuata huwa mabaya kuliko yale ya kwanza, hata ndege akabaki ngozi tupu mahali pengi. Kwa baadhi ya ndege mdomo nao hurefuka kupita kiasi, hupasuka na kuoza kwa ndani, na makucha hupatwa vivyo hivyo. Aghalabu kinachomwua kasuku ni maradhi mengine yanayomwingia baada ya kinga ya mwili wake kuharibika.

Wafugaji wengi hudhani kwamba ndege wa namna hiyo anajinyonyoa mwenyewe kwa upweke, jambo ambalo kwa kasuku wa tunduni ni la kawaida. Ipo njia nyepesi ya kutofautisha. Ndege anayejinyonyoa hawezi kuyafikia manyoya ya kichwani mwake kwa mdomo wake, kwa hiyo kichwa chake hubaki kimevaa vizuri huku kifua kikiwa wazi. Manyoya ya kichwani yakipotea pia, hapana budi kushuku ugonjwa. Aidha, ugonjwa huu usichanganywe na ile homa ya kasuku ambayo huletwa na bakteria na ambayo humwambukiza binadamu. Huu unaoelezwa hapa huletwa na kirusi, na kirusi hicho hakijulikani kumdhuru binadamu.

Makala haya yanahusu kirusi chenyewe, na hasa jambo moja ndani yake: kwamba kitu kidogo kiasi hicho kina sura nyingi, na kwamba sura hizo zinaweza kuamua kama aina fulani ya ndege itabaki duniani au itatoweka.

Kilikotoka

Habari za kale zaidi zinatoka Australia. Mwishoni mwa karne ya 19, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Adelaide, walionekana kasuku wa porini wasio na manyoya, ambao waliendelea kutembea chini kwa kuwa hawakuweza kuruka. Wakati ule hapakuwa na njia ya kujua kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa mifugo Ross Perry wa Sydney alianza kuueleza ugonjwa huo kitaalamu katika kakatua, wale kasuku wakubwa weupe wenye kishungi cha manjano, na ndiye aliyeupa jina linalotumika hadi leo. Kakatua mwenye afya ana unga mweupe kama poda unaotoka katika manyoya fulani ya mwilini, na unga huo huufanya mdomo wake mweusi uonekane wa kijivu. Anapougua, manyoya yenye kutoa unga ndiyo hufa kwanza, na mdomo huanza kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Wafugaji wengine huufurahia mng'ao huo, wasijue maana yake.

Mwaka 1984 mabadiliko ya tishu za ndege wagonjwa yalielezwa kwa kina, na kufikia mwaka 1989 kirusi chenyewe kilikuwa kimetengwa na kupimwa. Mwaka 1998 wachunguzi wa Australia walitangaza mfuatano kamili wa herufi zake za urithi. Hapo ndipo ilipowezekana kwa mara ya kwanza kulinganisha kirusi cha ndege mmoja na cha ndege mwingine herufi kwa herufi, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Wengi wa wataalamu huona kwamba Australia na visiwa vya jirani ndiko asili yake, kwa kuwa ndiko kulikosajiliwa kwanza na ndiko kasuku wa aina nyingi mno huishi pamoja. Leo ugonjwa umeonekana katika Asia, Afrika, Ulaya na Amerika, katika aina zaidi ya 60 za kasuku. Si hivyo tu, Australia kirusi kimepatikana hata katika bundi na katika ndege walao nyuki, ambao hawana undugu wa karibu na kasuku.

Kitu kidogo kupita kiasi

Virusi vya jamii hii huitwa sirkovirusi, kwa sababu urithi wao ni uzi uliounganishwa ncha kwa ncha ukawa duara. Ni miongoni mwa virusi vidogo kuliko vyote vinavyowapata wanyama. Ukivipanga kama 50,000 katika mstari mmoja ndipo utakapopata urefu wa milimita moja. Ganda la nje limejengwa kwa vipande 60 vya protini ya aina moja, vilivyoshikana kama vipande vya ngozi katika mpira wa miguu. Ganda hilo halina utando wa mafuta juu yake. Msomaji atakumbuka kwamba sabuni huua virusi vya mafua kwa kuuyeyusha utando wa namna hiyo. Hapa sabuni haipati cha kuyeyusha. Ndiyo maana kirusi hiki hustahimili dawa nyingi za kusafishia, na hudumu muda mrefu katika vumbi la manyoya, katika kinyesi, na ndani ya tundu la mti ambamo kasuku hutaga mwaka baada ya mwaka.

Ndani ya ganda limo duara la DNA lenye herufi zipatazo 2,000. Neno "herufi" hapa lina maana ya zile kemikali nne, A, T, G na C, ambazo hupangwa kwa mfuatano kuandika urithi wa kila kiumbe. Bakteria wa kawaida wa utumboni ana herufi zaidi ya milioni nne. Binadamu ana zipatazo milioni elfu tatu. Urithi wote wa kirusi cha kasuku ungeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Tena DNA yake ina uzi mmoja tu, wakati DNA ya mimea na wanyama ina nyuzi mbili zinazokabiliana.

Katika herufi hizo zimo jeni kuu mbili. Ya kwanza hutengeneza protini inayoanzisha kazi ya kunakili duara, na makala haya yataiita jeni ya kunakili. Ya pili hutengeneza protini ya ganda. Kirusi hakina kimeng'enya chake cha kuunganisha herufi za DNA, kwa hiyo hakiwezi kuzaana mpaka kiingie katika kiini cha seli iliyo katika kujigawa na kuazima vyombo vyake. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi ni seli zipi katika mwili wa ndege zinazojigawa kwa kasi, nao watalijua jibu la swali la pili bila kuambiwa: mashina ya manyoya yanayoota, tabaka la mdomo na la makucha, na viungo vya kinga, hasa kile kifuko kilicho karibu na tundu la kutolea kinyesi ambacho ndege wachanga hutumia kukomaza seli zao za kinga. Hizo ndizo sehemu zinazoharibika. Kinda, ambaye mwili wake wote uko katika kukua, hufa haraka zaidi, pengine katika siku chache na kabla hata ya manyoya kuonyesha dalili.

Namna ya kunakili inafaa kuelezwa, kwa kuwa inatuunganisha na jambo lililo karibu na nyumbani. Kwanza vyombo vya seli huujazia ule uzi mmoja mwenzake, likawa duara la nyuzi mbili. Kisha protini ya kunakili hutafuta alama ya herufi tisa, TAGTATTAC, iliyosimama juu ya kifundo kidogo cha DNA. Hapo hukata uzi mmoja, na vyombo vya seli huanza kuzunguka duara vikitengeneza uzi mpya huku ule wa zamani ukifunguka kama uzi unaotoka katika kibiringo cha cherehani. Sasa, virusi vinavyosababisha batobato katika mihogo ya Afrika Mashariki, ambavyo huenezwa na inzi weupe, navyo ni maduara ya DNA ya uzi mmoja, vina protini ya kunakili iliyo na undugu na hii, na alama yao ya herufi tisa ni TAATATTAC. Tofauti ni herufi moja. Kasuku na muhogo havifanani kwa lolote, lakini maradhi yao yanatumia ufunguo unaokaribia kuwa mmoja.

Makosa ya mwandishi na viraka vya fundi

Sura nyingi za kirusi hutokana na njia mbili.

Njia ya kwanza ni makosa ya herufi. Kila kinachonakiliwa hukosewa, lakini seli ina njia ya kusahihisha: herufi ikiharibika katika uzi mmoja, uzi wa pili unaokabiliana nao hutumika kama nakala ya kusahihishia. Uzi ulio peke yake hauna nakala hiyo. Herufi C, kwa mfano, ina tabia ya kuharibika yenyewe na kusomwa kama T, na katika DNA ya uzi mmoja kosa hilo huweza kupita bila kuonekana. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini virusi vya DNA ya uzi mmoja hubadilika karibu kwa kasi ya virusi vya RNA kama vile vya mafua. Kwa kirusi cha kasuku, makadirio ni kama badiliko moja katika kila herufi elfu kwa mwaka. Urithi wa ndege mwenyewe hubadilika kwa kasi iliyo ndogo kuliko hiyo kwa kiasi cha mara milioni.

Hesabu ya darasani ni rahisi. Herufi 2,000 kwa kasi hiyo ni mabadiliko mawili kwa mwaka. Koo mbili za kirusi zilizotokana na mzazi mmoja, kila moja ikienda njia yake, zitaachana kwa herufi nne kila mwaka, na baada ya miaka 30 tofauti itakuwa herufi 120. Hesabu hii huzidisha kidogo, kwa kuwa mabadiliko mengi humdhuru kirusi mwenyewe na hupotea kabla ya kurithiwa na vizazi vingi. Hata hivyo inaonyesha jambo lisilopaswa kupuuzwa: kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 40, na kirusi kilichomo mwilini mwake kinaweza kubadilika katika umri wa ndege mmoja kwa kiasi ambacho ndege wenyewe wangehitaji mamilioni ya miaka.

Njia ya pili ni ya kuunganisha viraka. Ndege mmoja akiambukizwa koo mbili tofauti, na koo hizo zikakutana katika seli moja, vyombo vya kunakili vinaweza kuanza na duara la kwanza na kumalizia na la pili. Kinachozaliwa kina sehemu ya urithi kutoka huku na sehemu kutoka kule. Kosa la herufi hubadilisha neno moja. Kiraka hubadilisha aya nzima kwa mara moja. Wakulima wa muhogo wameuona uzito wa jambo hili. Batobato kali iliyoharibu mashamba ya Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo baadaye ilienea katika nchi jirani, ilihusishwa na kirusi ambacho mwaka 1997 kilithibitishwa kuwa na viraka kutoka virusi viwili vya muhogo vilivyokuwa vikijulikana tangu hapo.

Kwa kasuku, mahali pazuri pa kutengenezea viraka ni ghala la mfanyabiashara wa ndege. Porini kasuku wa Amerika ya Kusini hawezi kukutana na kakatua wa Australia wala na kasuku wa kijivu wa Kongo. Katika vizimba vilivyopangwa ukutani hukutana wote, na vumbi la manyoya yao huwa moja. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vya kuzalisha kasuku nchini Polandi, na kutangazwa mwaka 2013, ulikuta viraka kwa wingi mno katika virusi vya ndege wa huko. Polandi haina kasuku hata mmoja wa asili yake.

Nasaba kumi na nne

Mwaka 2011 wachunguzi wakiwamo wa Afrika Kusini walikusanya mifuatano kamili 65 iliyokwisha kutangazwa, wakaongeza 22 mipya kutoka kasuku wagonjwa wa Afrika Kusini, na kuilinganisha yote. Walihitaji kanuni ya kuamua ni wakati gani virusi viwili vihesabiwe kuwa vya nasaba moja. Walipendekeza kwamba vikifanana kwa zaidi ya asilimia 94, ni nasaba moja. Tofauti ikizidi hapo, yaani herufi kama 120 katika 2,000, ni nasaba mbili. Kwa kipimo hicho walipata nasaba 14. Virusi vitano kutoka kasuku wadogo wa Australia wanaofugwa sana duniani vilikuwa mbali kiasi kwamba walivishuku kuwa aina nyingine kabisa ya kirusi.

Kipimo cha aina hii ni cha makubaliano, kama mpaka wa wilaya unaopita katikati ya shamba. Manufaa yake yamo katika ramani inayotokea. Kama kirusi kingekuwa kimeishi na kila aina ya kasuku tangu zama za kale, tungetegemea nasaba zifuate undugu wa ndege: kakatua na nasaba yao, kasuku wa kijivu na yao. Matokeo hayakuwa hayo. Nasaba zilifuata mahali na njia za biashara. Ndege wa aina mbalimbali waliokaa sehemu moja walikuwa na kirusi cha namna moja, na ndege wa aina moja waliokaa nchi mbalimbali walikuwa na virusi tofauti. Viraka vilionekana karibu katika nasaba zote, hasa katika kipande kisicho na jeni kilicho kati ya zile jeni mbili, na katika sehemu ya mwisho ya jeni ya ganda.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, wachunguzi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kusini mwa Afrika kulikuwa na aina za kirusi ambazo hazikupatikana kwingineko. Kwa nchi yenye kasuku wa Rasi, ndege wa misitu ya milimani ambaye idadi yake porini haifiki 2,000, habari hiyo ilikuwa nzito. Ilikuwa na maana kwamba kirusi hakikuwa mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege; kilikuwa kimekaa vya kutosha kuwa na uzao wake wa huko.

Yaliyotokea Morisi

Hakuna mahali ambapo mabadiliko ya kirusi hiki yamefuatiliwa kwa karibu kuliko kisiwa cha Morisi. Visiwa vya sehemu hiyo ya Bahari ya Hindi vilikuwa na aina kadhaa za kasuku ambao hawakupatikana kwingineko. Baada ya walowezi kukata misitu na kuleta panya na nyani, kasuku hao walitoweka mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja tu, kasuku wa kijani wa Morisi. Katika miaka ya 1980 waliojulikana kuwa hai hawakufika 20. Kazi ya kuwaokoa, ambayo Carl Jones na Shirika la Wanyamapori la Morisi waliiongoza, ilifanywa kwa mikono: kulinda viota, kuwaondoa makinda yaliyozidi na kuyalea, kuweka masanduku ya kutagia, kuwapa chakula cha nyongeza. Idadi ilipanda hadi makumi, kisha mamia.

Pamoja nao kisiwani waliishi jamaa zao wenye pete shingoni, ambao asili yao ni Asia na sehemu za kaskazini za Afrika ya kitropiki, na ambao waliingizwa Morisi mwishoni mwa karne ya 19 kama ndege wa tunduni. Hao hawakuhitaji kuokolewa na mtu yeyote.

Kwa bahati njema watumishi wa mradi walikuwa wakichukua damu kidogo ya ndege na kuihifadhi. Wakati ugonjwa mkali ulipolipuka karibu na mwaka 2005, na makinda mengi yakaonekana bila manyoya, sampuli za kabla na za baada zilikuwapo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, uliohusu sampuli za miaka 11 kutoka kasuku wa Morisi na wale wenye pete, uliweza kuuliza swali ambalo kwa kawaida haliwezi kuulizwa baada ya mlipuko: ni nini hasa kilichobadilika?

Mwanafunzi aliyesoma habari za kinga angekisia jeni ya ganda. Ganda ndilo linaloonekana na kingamwili, kwa hiyo ndilo linalotegemewa kubadilika ili kirusi kisitambuliwe, kama mhalifu anayebadili nguo. Jeni ya kunakili, kwa upande mwingine, hukaa vile vile katika nasaba nyingi, kwa kuwa kosa katika chombo cha kuzalia huua ukoo. Lakini huko Morisi mabadiliko yaliyoelekea kuleta mlipuko yalipatikana katika jeni ya kunakili, tena katika sehemu zake zenye kazi muhimu. Muda mfupi baada ya mlipuko, kila kirusi kilichopatikana katika kasuku wa Morisi kilikuwa na jeni hiyo mpya. Ile ya zamani haikuonekana tena. Ni kama kijiji ambamo kila mkulima alikuwa na mbegu yake ya mahindi, na baada ya misimu miwili ghala zote zikakutwa na mbegu moja. Wataalamu wa uteuzi asilia hulijua jambo hili, ila mara chache huliona likitendeka mbele ya macho yao, katika mnyama wa porini na kwa tarehe.

Jeni ya ganda nayo haikuwa bila sehemu katika kisa hicho. Aina kadhaa za ganda zilikutwa zimefungamana na jeni mpya ya kunakili, na huenda zilisaidia kirusi kuenea kwa upana ule. Ilionekana pia kwamba virusi vilihama kati ya aina zile mbili za ndege. Kama wale wenye pete ndio walioleta kirusi cha mlipuko, ushahidi haukutosha kuwahukumu.

Fundisho la kazi lilikuwa chungu. Mahali pa kulishia ndege, palipowaokoa wasife njaa, pia ni mahali ambapo ndege wengi hukutana na kuachiana vumbi la manyoya. Kuwaachilia ndege waliolelewa vizimbani kulisimamishwa, na masharti ya usafi wa vyombo na mikono yakakazwa. Hata hivyo idadi iliendelea kuongezeka kwa sababu ndege wazima wengi walistahimili, na mwaka 2019 kasuku huyo alihesabiwa kuwa zaidi ya 750 na akasogezwa katika daraja la hatari iliyo nafuu. Mtu anaweza kusema kwamba alikuwa na bahati: kirusi kilipobadilika kilimkuta akiwa mamia. Kingebadilika miaka 20 mapema kingemkuta akiwa chini ya 20.

Si kila ndege amepata nafasi hiyo. Kasuku mdogo wa Australia mwenye tumbo la rangi ya chungwa, ambaye hutaga Melaleuca, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Tasmania, alipatwa na mlipuko mwaka 2015, na mwaka uliofuata waliorudi kutaga kutoka porini hawakufika 20. Virusi vyake vilionyesha kwamba alikuwa ameambukizwa kutoka kasuku wa aina nyingine. Idadi yake imepanda tena, lakini kwa kuongezewa ndege waliozalishwa vizimbani. Shelisheli waliamua kutongoja. Kasuku wenye pete waliotokana na ndege wa tunduni walioponyoka katika kisiwa cha Mahé waliondolewa wote katika muongo wa 2010, ili wasivuke kwenda Praslin kunakoishi kasuku mweusi wa nchi hiyo.

Kwa kasuku wa bara la Afrika

Mwaka 1987 ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani alikuwa kasuku mdogo wa Fischer, ambaye kwao ni kaskazini mwa Tanzania. Wengi walikwenda Ulaya na kwingineko, wakawekwa katika maghala yale yale yaliyosemwa hapo juu. Jamii ya kasuku hao wadogo hujulikana kwa kubeba kirusi na kukimwaga huku wakionekana wazima, na hiyo ndiyo hatari yao kwa wenzao. Njia ya biashara aghalabu huangaliwa kwa upande mmoja, kwamba ndege hutoka Afrika. Lakini aliyekaa tunduni nchi za nje na kurudishwa, au aliyetoroka kwa mfugaji na kuingia msituni, huja na kilichomo manyoyani mwake.

Swali hili si la nadharia kwa wanaowashughulikia kasuku wa kijivu. Biashara ya kimataifa ya ndege hao waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016, lakini magendo hayakukoma. Wanaokamatwa mikononi mwa wasafirishaji katika mashariki ya Kongo hupelekwa katika vituo kama Lwiro, karibu na Bukavu, kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya sokwe na nyani wengine. Ndege hao hufika wakiwa wamebanana sandukuni, wametoka misitu mbalimbali, na lengo ni kuwarudisha msituni. Kurudisha mmoja mwenye kirusi ni kukipeleka kwa mamia.

Kipimo kinachotumika hukuza kipande cha DNA ya kirusi kutoka tone la damu au shina la unyoya mpaka kiwe kingi cha kuonekana. Ili kikuze, kipimo huanza kwa kushika vipande viwili vifupi vya herufi ambavyo mpimaji amevichagua mapema. Kirusi kikiwa kimebadilika mahali hapo, kipimo huteleza, na jibu hutoka "hakuna" kwa ndege mgonjwa. Kwa sababu hiyo maabara nyingi zilichagua herufi zilizomo katika jeni ya kunakili, kwa kuwa ndiyo isiyobadilika sana. Na Morisi imeonyesha kwamba hiyo nayo hubadilika. Tena ndege aliyeambukizwa juzi huenda kirusi hakijafika katika damu yake kwa wingi. Basi hupimwa damu na unyoya kwa pamoja, na baada ya majuma kadhaa hupimwa tena. Majibu ya mara ya pili yasiporudi, ndege hukaa kizimbani peke yake, mbali na wenzake, na anayemlisha hubadilisha nguo kabla ya kuingia kwa mwingine.